Kuuziba Mlango wa Dada

Muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi alimwuliza fundi cherehani kwa mara ya pili anataka kuchomelea nini, naye kwa mara ya pili akajibu: mlango.

"Unatengeneza mlango?"

"Nauziba."

Wateja waliokuwa wakichagua misumari waligeuka kumtazama. Fundi cherehani akainamisha kichwa, akajifanya anasoma maandishi kwenye boksi. Tepu ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Alikuwa amesahau kuivua.

"Chuma chake kina unene gani?"

Akaonyesha kidole chake cha mwisho. "Huu. Mlango na fremu yake."

"Lo! Basi chukua hii." Muuzaji akaipiga kofi mashine kubwa ya MIG, ile aina inayojilisha waya yenyewe. "Hiyo ndogo unayoikodolea macho ni ya mabati na vibomba vyembamba, moto wake mdogo. Kwenye chuma kama hicho itakupakia waya juu juu tu. Utapata mshono mzuri, unameta, hata fundi akipita atakusifu, kumbe chini hakuna kilichoshikana. Hapo ndipo wanaoanza wanapoumbuka."

"Mimi ndiyo naanza," alisema. "Najifurahisha tu baada ya kazi. Hiyo kubwa inanitisha."

"Inakutisha! Haing'ati, bwana!" Duka zima likacheka. "Wewe shona nguo, ndugu yangu. Chuma waachie wenyewe."

Masikio yakamwaka moto. Kaka yake alikuwa amemwagiza wazi anunue kubwa, lakini akaichukua ile ndogo, akalipa, akatoka kabla hawajamaliza kucheka.

Njia nzima alitembea akitazama viatu vyake. Aibu ya dukani ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa nyumbani. Kaka yake alitaka nyumba ya marehemu baba iuzwe, na dada yao akagoma kata kata kuweka sahihi. Basi kaka akaapa kwamba dada hatakanyaga tena ndani ya nyumba ile, hata kumwona mama. Geti la mbele lilitazamana na duka la kaka, naye alishinda hapo kutwa, hapiti mtu asimwone. Ukabaki mlango mmoja tu, wa chuma, unaounganisha ukumbi na chumba cha nyuma anakoishi dada, chumba kinachotokea kichochoroni.

"Kufuli lina ufunguo, na nyinyi nawajua," kaka alikuwa amesema. "Uchomelee. Na fundi wa nje simtaki, yakitoka humu mtaa mzima utatucheka. Si wewe unajidai unajifunza?"

Naye, mtu mzima mwenye mvi, baba wa watoto, akajibu eti, "Sawa, kaka." Hakuwahi kumpinga tangu utotoni.

Mama alikuwa hatoki kitandani. Aliyekuwa akimwogesha na kumlisha ni dada. Kaka alishaleta mwanamke wa kulipwa. Mama akalishika shuka kwa mikono miwili na kufumba mdomo mpaka yule mama wa watu akaenda zake. Na kwamba wanawe wa kiume wamvue nguo wao, hilo hakuna aliyethubutu hata kulitamka.

Asubuhi iliyofuata fundi cherehani akavuta nyaya mpaka ukumbini. Kaka akasimama nyuma yake, mikono kiunoni. Upande wa pili wa kizingiti dada alikuwa amesimama na beseni la maji ya moto, taulo begani.

"Hata wewe, mdogo wangu?"

Fundi cherehani akaishusha kofia ya kuchomelea usoni, akamshukuru Mungu kwamba kioo chake cheusi hakionyeshi macho. Machozi yalimtoka humo ndani, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Akausukuma mlango, ukafungika mbele ya uso wa dada yake, akaanza kazi. Cheche ziliruka. Mkono wake haukupotoka, maana kufuata mstari ulionyooka ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Alipomaliza, kaka akaugonga mlango kwa vifundo vya vidole, akauegemea kwa bega, akausukuma. Haukutikisika. Akainama kuutazama mshono kutoka juu hadi chini.

"Aisee, umejua! Safi kabisa. Na watu wanakudharau bure."

Sifa hiyo ilimchoma kuliko vicheko vyote vya dukani. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kaka akampiga piga begani, akatoka kwenda dukani kwake.

"Mbona mwanangu leo amechelewa?" mama aliita kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa imeanza kukata tamaa.

Fundi cherehani alisogea hadi mlangoni pake. Mama alikuwa ameshachanua vidole vyake juu ya shuka, anangoja kushikwa mkono. Akageuka, akarudi ukumbini.

Alisimama pale na kusikiliza mpaka milango ya duka la kaka ilipofunguliwa ng'ambo ya barabara. Kisha akachukua nyundo na tindo, akaiweka ncha ya tindo pembeni mwa mshono, akagonga. Mshono wote ukabanduka, ukaanguka sakafuni, na mlango ukaachia.

"Pita, dada, mama anakungoja," alisema bila kumtazama usoni. "Jioni, kabla kaka hajafunga duka, nitauziba tena."