Nguo Mbichi

"Nipe hivyo hivyo," alisema rubani.

"Bado mbichi, bosi. Hata kukamuliwa hazijakamuliwa," Kerubo alimjibu.

Tangu vita vianze, marubani wa ndege kubwa ya mabomu iliyokaa kambini walikuwa na desturi moja. Waliacha nguo zao kwa Kerubo, dobi wa kambi, kabla ya kuruka, wakazichukua wakirudi. Hakuna aliyewahi kuondoka nazo.

Rubani alizisokota mwenyewe, akazisukumia kwenye begi. Maji yalichuruzika nyuma yake mpaka nje.

Kerubo alimfuata hadi mlangoni. Uwanja ulikuwa mtupu. Ndege zote zilikuwa zimehamishwa, ikabaki hiyo kubwa ya mabomu, injini zikiunguruma. Safari hii hakuna aliyekuwa akiipakia mabomu.

"Wanakimbia nini?" aliuliza.

"We piga pasi, dadangu," msimamizi wake alicheka. "Vita viko ng'ambo. Hapa ni Doha."

Ndipo alipoliona basi la kampuni likikaribia lango la kambi, limebeba watu wa zamu ya jioni kutoka Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi. Mdogo wake alikuwa ndani. Yeye Kerubo ndiye aliyembembeleza aje aanze kazi leo.

Alitoka mbio akipunga mikono yote miwili. "Rudini! Rudini!"

Ndege iliruka, ikaimeza sauti yake. Dereva alidhani anasalimiwa, akapiga honi. Lango likafunguka. Mdogo wake alitoa kichwa dirishani, akampungia mkono.