Alama ya Kosa

Kiangazi cha mwaka 2018, wiki mbili baada ya daktari kunichoma sindano za kulegeza misuli kwenye paji la uso ili kutibu kipandauso, mjukuu wangu alinisomea barua yake ya kuomba kazi ya ualimu. Alifuta sentensi ya kwanza, kisha ya pili. Sikuelewa, kwani zote zilikuwa sahihi.

"Mbona unafuta?"

"Bibi, si nyusi yako imepanda? Nimekosea wapi tena?"

Nilijigusa. Unyusi wa kushoto ulikuwa juu kweli, na haukushuka hata nilipousukuma kwa kidole.

"Ni sindano hizo. Daktari ataushusha. Na useme unyusi umepanda."

Akaikunja barua, machozi yakimlengalenga.

Nilikuwa na deni lake la sifa: tangu darasa la kwanza, kila unyusi wangu ulipopanda alijua amekosea. Nikaikunjua.

"Umeandika vizuri, mama."