Asilimia Tisini na Sita

Faili lilikatika tena kwenye asilimia tisini na sita.

"Si nilikwambia, baba? Hizi kompyuta zetu haziivi chungu kimoja," binti yake alisema kwenye simu, kutoka ng'ambo. "Ya kwangu aina yake, ya kwako aina yake. Tujaribu tena kesho saa kumi."

Ilikuwa wiki ya tatu hiyo. Binti alikuwa akimtumia baba picha na video zote za marehemu mama yake, faili moja kubwa, zihifadhiwe na nyumbani pia. Kila siku faili lilisafiri vizuri huku wakipiga soga, kisha likakatika.

Lakini mzee alikuwa fundi simu miaka thelathini, na waya haujawahi kumshinda. Leo, simu ikiwa bado sikioni, alimwambia asubiri aangalie tatizo, akavaa miwani, akafungua kumbukumbu za kompyuta za kila faili lililopokewa na kuzifuata kwa ukucha, mstari kwa mstari. Mtandao ulikuwa mzima. Diski ilikuwa na nafasi tele. Kompyuta zilikuwa zikielewana kama chanda na pete.

Ukucha ukasimama. Kila siku, maneno yale yale: *Imesitishwa na mtumaji.*

"Baba? Upo?"

"Nipo."

"Umeona tatizo?"

Alitega sikio. Nyuma ya sauti ya binti yake hapakuwa na redio, wala kicheko, wala mlango uliofunguliwa na mtu.

"Waya wangu huu, mwanangu," alisema. "Una visa kweli. Hata mwaka mzima unaweza kutusumbua."