Sauti ya Pili

Wakubwa walikuja na ndoo za chokaa na hotuba, wakaziba matundu ya risasi kanisani, wakasema yameisha. Katika kwaya nzima alikuwa amebaki mjane mmoja, mwimbaji wa sauti ya pili.

"Mama, si uimbe tu sauti ya kwanza, watu wautambue wimbo?" mchungaji alimsihi.

"Hiyo ni ya marehemu dada yangu, mchungaji. Siibi mali ya mtu."

Akaimba yake. Palipokuwa pa wanaume akanyamaza, akiwangojea, vidole vimeng'ang'ania benchi.

Mara besi ikaitikia kutoka mlangoni. Aliijua sauti ile: ndiyo iliyowaamuru wanakwaya siku ile ya risasi walale kifudifudi.

Sasa mwenye sauti alisimama, kofia mkononi, akimngoja aanze ubeti wa pili.

Mjane akavuta pumzi.