Kidole cha Gogo

Mwalimu alikuwa amechoka hadi macho yanamwasha. Tangu asubuhi walikuwa wakirudia maneno ya uandishi wa Kiingereza cha chuo: hoja, ushahidi, nukuu. Lilibaki moja tu, chanzo.

"Nani ana mfano?"

Msichana wa mbele alisimama na simu yake. Alikuwa amepata mtandaoni insha iliyompa tuzo mwanafunzi mmoja wa Uingereza. Akasoma: nyanya ya mwandishi alikuwa na kidole kilichopinda kama ndoana, tangu siku ndama alipomvuta kwa kamba aliyokuwa ameizungushia kidoleni.

Darasa likaangua kicheko. "Kumbe hata wazungu huvutwa na ndama!"

Mwalimu hakucheka. Insha hiyo aliiandika yeye, mwaka jana, akamuuzia mtu asiyemjua, kama wengi hapa Eldoret wanavyojitafutia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo. Siku ya kuiandika alikuwa ameishiwa, hana la kuandika, ndipo akachota kidole cha nyanya yake mwenyewe, marehemu Gogo wa kijijini.

"Sasa hapa kwa chanzo tunaandika nani, madam?"

Akasugua chaki kwa kidole gumba.

Kisha akageukia ubao, akaandika polepole: Gogo Jepkemboi, Kesses.