Maboga ya Uzeeni

Enzi wanyama walipocheza mpira wa rungu, ambao mchezaji huupiga mpira kwa rungu kisha hukimbia, Kiboko alikuwa na timu, na alipenda kushinda kuliko kula. Kiingilio uwanjani kwake kilikuwa boga, na wachezaji walilipwa kwa maboga hayo.

Akamwita Nyani, mpigaji hodari kuliko wote. "Chukua boga moja sasa. Mengine nitakupa ukizeeka."

Nyani akakubali. Kwa maboga yaliyobaki, Kiboko akawachukua Swala, mwenye mbio, na Twiga, mdakaji, kwa ahadi ileile.

Tangu hapo timu pinzani, ya Ngiri, ikawa inafungwa tu. Ngiri akalalamika, "Bwana Kiboko, umewachukua wachezaji hodari wote!"

"Nawe ahidi," akajibu Kiboko.

Watazamaji wakachoshwa na mchezo ambao mshindi anajulikana. Wakaanza kuondoka katikati, kisha wakaacha kuja. Nyani akakosa raha. Alijikuna, akainuka, akakaa, akachungulia lango tupu. Mwisho akamwendea Kiboko.

"Mzee, maboga yangu ya uzeeni yako wapi?"

"Yataletwa na watazamaji."

"Watazamaji gani?"

Kiboko akatazama uwanja mtupu.

"Basi naenda kwa Ngiri," Nyani akasema.

"Ukienda huko utanifunga!"

"Nisipoenda, hutanilipa."

Akaenda. Siku ya mchezo uwanja ulifurika. Kiboko akafungwa, na maboga yakarundikana langoni kwake hata asijue anune au acheke. Lakini Nyani hakutulia tena. Mpaka leo, akishapiga mpira, huwatazama kwanza watazamaji, ndipo akimbie.