Mbuzi Aliyekula Mwezi

Mama Pasi alilifungua boksi palepale kaunta. Sanamu ya nahodha wa anga, yenye kofia ya kioo na bunduki ya mwanga, hata hakuitazama. Aliisukuma pembeni kama ganda. Alichokitaka kilikuwa chini yake: kijitabu cha kurasa kumi na sita, kidogo kama kiganja.

"Cha tisa ninacho," alisema. "Nipe jingine."

Muuza duka alikuna kichwa. "Mama, maboksi yamefungwa. Hata mimi sijui ndani mna namba gani. Watu wanakuja kutafuta sanamu, vijitabu wanaviacha hapahapa sakafuni. Wewe mwenzetu unatafuta nini humo?"

"Namtafuta mwanangu."

Muuza duka alicheka, kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkauka.

Mama Pasi akamweleza. Mtoto alimpotea kituo cha mabasi, akiwa na miaka sita. Alimkalisha kwenye benchi, akaenda kununua maji. Kurudi, benchi tupu. Miaka ishirini na miwili sasa. Kisa hicho alikuwa amewasimulia majirani na wenzake kazini mara nyingi mno, hata maneno yalikuwa yakitoka yenyewe, bila kukwama popote.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, na jina alilipatia huko. Miezi mitatu nyuma alikuta kijitabu mfukoni mwa koti la mgeni. Alikifungua wakati wa mapumziko, kupoteza muda tu. Ilikuwa habari ya chombo kilichopotea angani, na nahodha aliyetuma salamu nyumbani kila siku ya saba bila kujibiwa. Kwenye ukurasa wa kumi na moja, chombo kilitua kwenye sayari yenye mbuzi aliyekuwa akiula mwezi kidogo kidogo. Kila aliposhiba akalala, mwezi uliota upya, kama nywele.

Aliurudia mstari huo kwa kidole. Mbuzi huyo alikuwa wake. Alimtunga mwenyewe, jioni moja taa ilipoishiwa mafuta, ili mtoto asililie giza. Hakumsimulia mtu mwingine yeyote duniani. Akageuza kijitabu mbele na nyuma: hakikuwa na jina la mwandishi.

Tangu siku hiyo chakula cha mchana alikisahau. Kila alichopata kiliishia kwenye maboksi. Sanamu zilijaa beseni chini ya kitanda. Vijitabu alivisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akitafuta dalili. Katika cha tano, nahodha alishtuka kila aliposikia honi. Katika cha saba, wenzake walimwomba awasubiri, naye akawajibu kwamba yeye hamsubiri mtu tena. Mama Pasi alikilalia hicho siku nzima, akilia.

Kilichobaki kilikuwa cha kumi na mbili, cha mwisho. Na muda haukuwepo. Daktari alishampangia upasuaji siku ya Jumatatu, akampa na fomu. Pa kuandika ndugu wa karibu palikuwa patupu.

"Hata jirani anafaa," nesi alimwambia.

Alikataa. Alitaka mtu wa damu yake asimame upande wa pili wa mlango wa chumba cha upasuaji. Akifa, azikwe na mtu atakayemwita mama.

Muuza duka alivuta pumzi, akalifungua boksi la pili kwa mkono wake mwenyewe. Halafu la tatu, la nne. Hakutaja bei. Katika la sita alisimama, akampa kijitabu.

Alikisoma akiwa wima. Nahodha alifika nyumbani. Aliiona sayari yake, aliuona mji, aliona taa ya nyumba ya mama yake ikiwaka. Aliuzunguka mji mara tatu. Kisha akageuza chombo, akaondoka.

"Kwa nini asishuke?" Mama Pasi aliuliza. "Amefika, jamani. Kwa nini asishuke?"

"Sijui, mama. Lakini nyuma hapa pana anwani ya kiwanda."

Hakurudi kazini. Alivuka mji na kijitabu kifuani, nusu anatembea, nusu anakimbia, ubavu ukimchoma pale daktari alipopawekea alama. Alifika saa kumi, jasho likimtiririka, akashika meza ya mapokezi asianguke.

"Namtaka anayeandika hizi hadithi."

Msichana wa mapokezi alimletea kiti. "Yupo ghorofani, mama. Huwa haonani na wasomaji. Nimwambie ni nani?"

"Mwambie ni mama yake. Mwambie nimemtafuta. Nimechelewa, najua, lakini nimemtafuta."

Msichana alitabasamu, akainua simu, akauwasilisha ujumbe kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi. Alisikiliza kwa muda mrefu. Tabasamu lilimtoka taratibu, akaanza kuikwepa sura ya mgeni wake.

"Anasema miaka yote hii amekuwa akijua unapoishi," alisema.

Mama Pasi alinyanyuka nusu kitini. "Basi ashuke. Dakika moja tu."

Msichana alisikiliza tena. Akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja.

"Anasema hapotei mtu aliyekaa alipoambiwa akae. Anasema basi lilipoanza kuondoka, alikuona ndani yake, dirishani, akakupungia mkono kutoka kwenye benchi. Anauliza kama ulimwona."

Mama Pasi alikuwa amemwona.